Neno Alilotugeuzia Shurie

Damu ilianza kumtoka kaka yangu puani kabla imamu hajamaliza takbira za sala ya Idd. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake. Wanaume walikuwa wametufungia shuka kwenye kamba ili wasituone, lakini upepo ulikuwa umeangusha upande mmoja wa ile shuka, kwa hiyo niliona kila kitu. Bishar alikuwa amevaa kanzu mpya nyeupe. Nilimwona anapangusa pua kwa mkono wa kanzu, nikadhani ni mafua. Akapangusa tena, na mkono wa kanzu ukawa mwekundu. Alipoinama kurukuu damu ilimwagika kama birika limeinamishwa, akaenda chini na uso wake, hakuinuka. Walio kulia na kushoto kwake wakakatiza sala. Sijapata kuona tena maishani mwangu watu wazima wakikatiza sala. Walirudi nyuma hatua kwa hatua huku wanakunja mikeka yao isiguswe, na kaka yangu akabaki peke yake katikati ya uwanja. Hakuna aliyemsogelea. Ndipo Shurie Gabow, naibu chifu wetu, aliyekuwa safu ya mbele, akageuka akamtazama, akasema neno moja kwa sauti ya mtu anayeitikia salamu. Alisema, "Bakhti."

Bakhti kwetu Wasomali ni mzoga, mnyama aliyekufa mwenyewe bila kisu na bila jina la Mungu. Ni haramu. Kumwambia Mwislamu kwamba amekula bakhti ni kumwambia kwamba kifo chake amejitakia, na mazishi yake ni aibu. Neno lile lilipita kwenye safu zile haraka kuliko damu. Mama yangu alikuwa amekwisha kuruka kamba. Alikimbia mbele ya wanaume wote, shuka imemwanguka kichwani, akamgeuza mwanawe na kumweka mapajani. Nilimfuata. Niliogopa damu ile, lakini niliogopa zaidi kubaki nyuma na wale waliokuwa wanatutazama.

Ninaandika haya kwa sababu ya Idd iliyopita. Sasa mimi ni mama wa watu wazima, naishi Garissa mjini, nauza maziwa ya ngamia jinsi nilivyouza nikiwa msichana, tofauti ni kwamba siku hizi yanaletwa na tuktuk na zamani nilitembea na punda. Binti yangu mkubwa ameolewa, na wakwe zake walitualika kwa chakula cha Idd. Tuliketi sebuleni kwenye mazulia, feni inazunguka, sinia za wali na nyama ya mbuzi zimejaa, na ndizi pembeni. Akaingizwa mzee anashikwa mkono, wote wakainuka wakimwita Haji, wakampa mto mzuri wa kuegemea. Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Shurie. Hana meno sasa, anakatiwa nyama vipande vidogo. Alikula akashiba, akamshukuru Mungu, kisha akaanza kuwasimulia vijana jinsi mwaka wa mafuriko watu fulani wajinga kule bula yake, kijijini kwetu, walivyokula bakhti wakafa kwenye uwanja wa sala. Alisimulia kama kichekesho. Vijana walicheka. Hakujua mimi ni nani, au alijua. Binti yangu mdogo akaniinamia sikioni akauliza, "Hooyo, abti Bishar ndiye aliyekula bakhti?" Abti kwetu ni mjomba. Nilijikuta nimeweka kidole puani, natazama kama kuna damu. Hilo hunijia kila Idd, na nitaeleza lilianzia wapi.

Mwaka ule, tisini na saba kuingia tisini na nane, ndio wa mvua ya Elnino. Bula yetu ilikuwa juu ya mwinuko wa mchanga, asubuhi nzima ya kutembea kutoka Garissa. Mto Tana ulipofura na kila bonde kujaa, tukawa kisiwa. Sisi ni watu wa ukame, tulizoea kuomba mvua. Mvua ile ilipokuja tulicheka siku za mwanzo, watoto wakaoga uchi, kisha ikaendelea kunyesha mpaka tukaanza kuiogopa. Nyumba yetu ya mikeka ilioza, ikawa ndani inanuka kama ngozi mbichi. Vyombo vya maziwa tulivyozoea kuvifukiza moshi vikaota ukungu. Mbu walikuwa wengi sana, jioni ukifumba mkono hewani unafungua na wamo. Kisha kondoo wakaanza kutupa mimba. Si mmoja, si wa boma moja. Unatoka asubuhi unakuta vijusi vimelala kwenye matope, na mama zao wamesimama hapo, pua zinatoka damu. Bibi mmoja kizee alipoona alisema sandik, pua ya damu, akasema aliwahi kuiona akiwa mtoto na hataki kuiona tena, akaingia kwake na kuteremsha mkeka wa mlango. Nilimwona mwanamke aliyezaa watoto tisa na kuzika watano anamwogopa kondoo. Hapo na mimi hofu ikaniingia, na haikutoka mwaka mzima.

Lazima nieleze habari ya kisu, maana msomaji wa mbali hataelewa. Mnyama wetu akianza kukata roho hatukai kumtazama. Tunakimbia. Akifa mwenyewe ni bakhti, hasara tupu, mbwa tu ndiye anayefaidi. Ukimwahi na kisu akiwa bado anapumua, ukataja jina la Mungu, ni halali na watoto watakula. Katika njaa ya mwaka ule, tofauti ya pumzi moja ndiyo ilikuwa tofauti ya kulala na chakula au kulala bila. Kaka yangu Bishar alikuwa na mkono mwepesi na hakusitasita. Bula nzima ilimwita yeye. "Bishar, kimbia!" ndiyo sauti niliyoisikia asubuhi hadi jioni wakati ule, na yeye anatoka mbio na kisu kiunoni, miguu inarusha matope, anarudi amelowa damu mpaka kifuani, anacheka, na paja la mbuzi begani kama shukrani. Mama alikuwa anaikata nyama vipande vyembamba, anaikausha juu ya moshi kwa kuwa jua halikuwepo, anaikaanga kwa samli iwe nyirinyiri ya kuweka. Alisema mwaka huu hata mafuriko yakija Idd tutakula vizuri.

Ramadhani ikaingia. Katikati ya mfungo maji yalishuka kwa siku chache upande wa barabara, lori la serikali likafika, la kwanza tangu barabara ikatike, likazama kwenye tope ukingoni mwa bula. Juu yake alikuwa ofisa wa mifugo, kijana wa bara, na kipaza sauti. Hakushuka. Aliyaangalia matope, akaangalia viatu vyake, akabaki juu. Shurie akapanda kwenye gurudumu kutafsiri, kwa sababu watu wengi pale hawakukisikia Kiswahili. Mimi nilikisikia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini Kiswahili nilifunzwa na wateja wa maziwa, wake wa askari na makarani wa Garissa, na ukiuza maziwa unajifunza kusikia haraka maana anayetaka kukudhulumu husema haraka. Ofisa alisema hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo:

"Mnyama mgonjwa msimchinje. Damu yake msiiguse. Akifa, mwacheni, mchimbieni mbali na nyumba."

Shurie akageuka kwetu na kusema kwa Kisomali: "Serikali inasema mnyama mgonjwa msimwache afe. Mwahini na kisu. Akifa, ndipo msimguse, mchimbieni mbali."

Watu wakatikisa vichwa. Ilikuwa ndiyo desturi yetu kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja hata alisema kumbe serikali nayo ina dini. Nilidhani masikio yangu yana maji. Nikamtazama Hilowle mwenye duka, aliyekuwa anajua Kiswahili kuliko sisi sote kwa sababu alikaa Nairobi miaka. Macho yetu yakakutana, naye akayashusha, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake kwa kijiti. Ofisa akauliza kutoka juu, "Wameelewa?" Na Shurie, na Kiswahili chake cha kuvunjika, akajibu, "Habana shida, daktari. Watu yangu wanasikia vizuri." Wakashusha magunia machache ya unga, wanaume wakasukuma lori, likaondoka.

Kwa nini aligeuza? Watu wameniuliza, wengine kwa nia ya kumtetea. Shurie alikuwa na zizi kubwa kuliko wote, na lilikuwa limejaa wanyama wagonjwa. Idd inakuja, kila nyumba inataka nyama, na yeye ndiye mwenye mbuzi. Lau angetafsiri sawasawa, angezika mali yake yote kwenye shimo. Hakuna fumbo zaidi ya hilo. Bula nzima ilijua zizi lake lilivyokuwa, harufu tu ilitosha.

Jioni ile wakati wa futari nilisema. Tulikuwa tumekaa kuzunguka sufuria ya uji, mama anapuliza moto wa kuni mbichi, moshi umejaa nyumbani. Nilisema yule mtu wa lori alisema tusichinje. Bishar akacheka hadi uji ukampalia. "Dahabo amekuwa daktari wa mbuzi," akasema. "Hooyo, tumtafutie koti jeupe." Nikamwambia si mzaha, neno lilikuwa msimchinje, nimelisikia. Akasema Kiswahili cha kuuzia maziwa hakiwezi kushinda cha chifu. Mama hakucheka. Aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akakaa anaitazama ile nyama iliyoning'inia juu ya moshi, nyama ya wiki nyingi, na nikaona anapima kichwani kati ya neno langu na chakula cha watoto wa majirani na watoto wake. Akasema atamuuliza Shurie mwenyewe.

Hakuhitaji kwenda. Kesho yake alasiri Shurie alikuja, sijui nani alimpelekea habari. Mimi nilikuwa ndani, yeye na mama nje, kati yetu mkeka tu, na mkeka hauzuii maneno. Alizungumza kwa upole sana, ndiyo maana niliogopa. Alimwita mama walaal, dada yangu. Alisema kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, mtoto amesikia vibaya. Alisema msichana anayekaa sokoni na wanaume wa makabila yote hujifunza lugha na mengine pia, na mama mwenye busara humfunga mdomo kabla watu hawajaanza kuuliza amejifunza nini. Kisha akasema, kama kitu amekikumbuka njiani, kwamba ndege italeta unga mwingine, na yeye ndiye atakayesema nyumba zipi zina shida. Mama akajibu, "Sawa, walaal." Aliingia ndani hanitazami. Akasema tu, "Usilirudie tena neno hilo." Akateremsha mkeka wa mlango mchana kweupe, na ni mara ya kwanza niliona kwamba mama naye huogopa watu.

Nilifanya nilichoweza. Nilikificha kisu cha Bishar chini ya mizigo ya mikeka ya nyumba, mahali ambapo mwanamume hatii mkono. Alikitafuta, akanigombeza, akanibembeleza, sikusema. Na mwanzo wa kumi la mwisho la Ramadhani Shurie alipomwita kwenda kuchinja zizini kwake, mbuzi wa Idd wa bula nzima, nyama iwahi kukaushwa, nilifurahi nikasema hana kisu. Shurie alimpa chake. Akampa na kanzu mpya nyeupe, iliyokunjwa kwenye nailoni, kwa kazi nzuri. Nilimwona Bishar kutwa nzima ndani ya zizi lile, damu mpaka kwenye nywele, anaita jina la Mungu juu ya mnyama ambaye amekwisha lala, anamwinua kichwa, anamwahi. Nilisimama nje ya miiba nikamwita. Akaniambia, "Nenda nyumbani, daktari."

Siku chache baadaye akaanza homa. Kichwa, macho mekundu, hataki mwanga. Alikataa kufungua mfungo, akasema zimebaki chache, atapona kwenye Idd. Mama naye akaanza kujishika kiuno na kunywa maji mengi baada ya magharibi, anasema ni uchovu. Mwezi ukaandama, watoto wakapiga kelele, mimi nilipakwa hina na habaryar Ardo, mdogo wake mama, mikono yote miwili. Asubuhi Bishar aliivaa ile kanzu, akajipaka manukato, akasimama mlangoni kwa kushikilia nguzo, akaniuliza kama anapendeza. Nikasema anapendeza. Yaliyofuata nimekwisha yaandika.

Alikufa kabla ya adhuhuri, mapajani mwa mama, hapo hapo nje ya nyumba kwa sababu alikataa joto la ndani. Wanaume walimzika kwa haraka, wachache sana, nyuso zimefungwa vilemba. Shurie hakuja mazishini. Alituma kitambaa cha sanda na neno kwamba watu wasiguse vyombo vyetu, kwa kuwa nyumba ile imekula bakhti na ugonjwa ni wa bakhti. Ndivyo ilivyokuwa Idd yetu. Nyumba nyingine zilikuwa zinakula nyama ile ile, iliyotoka zizi lile lile, iliyochinjwa na mkono ule ule, na moshi wao ulikuwa unatufikia. Hakuna mtoto aliyekuja kudai zawadi ya Idd mlangoni petu. Mama alilala kwenye mkeka anatazama paa, na fizi zake zilianza kutoka damu akiwa anazungumza nami. Aliona kwenye uso wangu. Akajifuta, akatazama kidole, akasema, "Ulisikia sawasawa, Dahabo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Baada ya hapo alimwita Bishar tu.

Alipokufa, wanawake wa kumwosha walikuwepo bula nzima, waliozaa naye, waliosuka naye mikeka. Habaryar Ardo alienda nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema ana mtoto mchanga. Mwingine alilia kutoka ndani bila kufungua. Siwalaumu, wallahi, wale siwataji majina, waliogopa kama mimi. Basi tulimwosha sisi wawili, habaryar na mimi, msichana ambaye hajawahi kumgusa maiti. Tulifunga mifuko ya nailoni mikononi, ukiwemo ule ilimotoka kanzu ya Bishar, na hina ya Idd inaonekana ndani yake. Maji yalitoka mekundu, tukabadilisha, yakatoka mekundu tena, na habaryar akawa anasoma dua huku anamimina. Nilitaka kukimbia, nasema kweli. Kilichonizuia ni kwamba hakukuwa na pa kukimbilia, maji yalikuwa pande zote.

Baada ya hapo nikaanza kungoja zamu yangu. Kila nilipoamka, kabla ya kusema bismillahi, niliweka kidole puani na kukitazama. Nikila, nilitema niangalie. Mbuzi akikohoa nilijificha. Habaryar akinikuta alikuwa ananipiga kibao kidogo mkononi, anasema ukiiita itakuja, lakini nilimwona na yeye anajiangalia kwenye kioo kidogo cha kibeti. Nyumba nyingine zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, na kila msiba ulipotokea Shurie alikuwa na neno lake tayari: nao walikula bakhti kwa siri. Watu waliamini, maana kila nyumba ilifurahi kwamba bakhti ni ya jirani. Hilowle akafunga duka akaondoka na mtumbwi wa kwanza. Maji yalipopungua walikuja madaktari wenye barakoa, wakasema jina la ugonjwa, homa ya Bonde la Ufa, wakasema ulipitia damu ya wanyama wagonjwa waliochinjwa. Waliuliza kama watu hawakuonywa. Shurie ndiye aliyekuwa akitafsiri. Akawaambia walionywa, lakini watu yangu ni wagumu kusikia. Nikaondoka siku ile ile na habaryar kwenda Garissa, kwa miguu, sikurudi.

Najua watakaosema yamepita, ni mzee, mwache afe na heshima zake. Hilowle amekwisha kufa na nilisoma fatiha, kwa hiyo si kwamba sijui kusamehe. Yule kijana wa lori sijui jina lake, lakini naye kama yuko hai ajiulize kwa nini hakushuka, kwa nini alimuuliza mtu mmoja tu kama tumeelewa. Shurie ni tofauti. Shurie bado anasimulia. Ningeweza kuandikiwa na mtu kwa Kisomali, lugha ya mama yangu, lakini nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu tulionywa kwa Kiswahili.

Basi Shurie Gabow, hii utasomewa, wajukuu wako wamesoma. Sikudai mali. Idd ijayo tutasali uwanja mmoja, mimi na wewe, hapa hapa Garissa, na watakushika mkono wakupeleke safu ya mbele kama kawaida. Kabla ya sala, simama uwageukie watu. Anza na Kiswahili, vile vile kama alivyosema mtu wa lori: mnyama mgonjwa msimchinje. Halafu litafsiri. Mimi nitakuwa nyuma ya shuka na binti yangu mdogo, na lugha zote mbili nazisikia.